Magodoro mawili ya lateksi, unene mmoja, kibandiko kile kile: mbona moja linanibeba na lingine linanimeza?

#1 Kiunochangu
Wakuu, salaam.

Niende moja kwa moja. Huu ni mwezi wa pili nasaka godoro. La sponji nililonalo limefanya bonde katikati. Mimi na mke wangu tunalala kila mtu na upande wake, alfajiri tunajikuta wote bondeni bila kupanga. Safari hii nimeamua ninunue lateksi, lile la povu la utomvu wa mpira, nisirudi tena kwenye hii kazi ya kulala madukani na viatu mkononi.

Jana nimejaribu mawili, duka moja, yamepangwa jirani. Yote unene sentimita 20, yote kibandiko kinasema "lateksi asilia 100%". La kwanza nikalala chali, kiuno kikashikwa vizuri, kama mtu kanitegea kiganja chini ya mgongo. La pili makalio yakazama, mgongo ukapinda kama nimelala kwenye bembea. Namuuliza muuzaji, ananiambia ni kitu kile kile, tofauti ni rangi ya kava.

Hoja yangu: moja kati ya hayo ni feki. Lateksi ni lateksi, kama maji yalivyo maji. Wajuzi, feki ni lipi na nitalijuaje?

#2 Msomaji_Kimya
Nimewahi siti ya mbele. Ngoja waje.

#3 Sponji_Tosha
Feki yote mawili. Nunua sponji nzito ulale, mambo ya utomvu waachie wanaopenda kuhadithia wageni godoro lao.

#4 MpiraAsilia
Mleta uzi, hapo kwenye "lateksi ni lateksi" ndipo ulipoteleza. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye kiwanda cha povu la mpira, upande wa kalibu. Utomvu ni wa mti ule ule wa mpira, ila kuna njia mbili kubwa za kuugeuza uwe godoro.

Dunlop: utomvu unachanganywa na sabuni, salfa na oksidi ya zinki, unapigwa mpaka uwe povu, unamiminwa hadi kalibu ijae, unaganda, kisha unapikwa kwa mvuke. Wakati povu bado halijashika, vizito vinashuka. Ndiyo maana upande wa chini hutoka mgumu kidogo kuliko wa juu.

Talalay: kalibu haijazwi. Unamimina kiasi, unafunga, hewa inafyonzwa na povu linafura lenyewe mpaka likajaza nafasi yote. Hapo linagandishwa kwa baridi iliyo chini ya sifuri, linapitishiwa gesi ya kaboni dayoksaidi ili lishike, ndipo linapikwa. Kwa kuwa limegandishwa kabla vizito havijapata muda wa kushuka, vitundu vyake vinalingana juu hadi chini. Huwa jepesi kidogo na lina mdundo zaidi.

Huenda lililokushika ni Dunlop na lililokumeza ni Talalay. Yote halali, hakuna feki.

#5 Daktari_wa_Mchongo
Dunlop si ndio wale wa matairi? Kwa hiyo mleta uzi analalia tairi. Likiisha upepo apeleke kwa fundi pancha.

#6 MpiraAsilia
#5 cheka, lakini ni wale wale. Njia hiyo ya povu ilitoka kwenye maabara yao mwaka 1929. Na Talalay, kabla hujauliza, ni jina la ukoo la waliobuni njia ya pili. Si mji.

#7 Daktari_wa_Mchongo
Nilikuwa nishaanza kutafuta nauli ya kwenda huko Talalay.

#8 Ndoto_Ndefu
MpiraAsilia nakuheshimu lakini nakupinga. Mimi nalalia Talalay mwaka wa nne, na ni gumu kuliko Dunlop ya dada yangu. Njia ya kutengeneza haikuambii ugumu. Kila njia inatoa laini, wastani na gumu. Cha kuuliza ni namba.

Ipo namba viwandani huandikwa ILD. Wanachukua kipande cha povu, wanakikandamiza kwa sahani ya duara yenye eneo la inchi za mraba 50 mpaka kipungue robo ya unene wake, kisha wanasoma imehitajika nguvu ya ratili ngapi. Ikiwa 15 hadi 20 hivi ni laini. Ikifika 25 hadi 30 ni wastani. Ikipita 35 hilo ni gumu, mtu mwepesi anayelala ubavu bega litamlaumu. Magodoro mawili yenye unene sawa na kibandiko sawa yanaweza kuwa moja 20 na jingine 36, na muuzaji asijue.

Kwa hiyo feki hakuna, ila na hoja ya Dunlop dhidi ya Talalay nayo haijajibu kitu.

#9 MpiraAsilia
#8 sahihi, na ndiyo maana niliandika "huenda". Ongezea matundu ya pini. Kalibu ina pini nyingi zinazopeleka joto ndani ili katikati paive, na zikitolewa zinaacha yale matundu unayoyaona ukifungua kava. Tundu zikiwa kubwa au nyingi, povu lile lile linakuwa laini. Wengine hupanga pini kwa makusudi: nene sehemu ya mabega, nyembamba sehemu ya kiuno. Ukilala kichwa upande usio wake, kiuno kinaangukia kwenye laini.

#10 Kiunochangu
Namba haimo kwenye kibandiko. Nilipouliza "ugumu wake kiasi gani" muuzaji alinijibu "wastani" kwa yote mawili. Nikauliza hakuna namba? Akasema, bosi, hili si kiatu.

#11 Mama_Wawili
😂😂 Huyo muuzaji anajua kazi yake.

Kisa changu kifupi. La kwanza nilinunua kwa kulibonyeza kwa mkono na kulikalia. Likanirudishia mkono vizuri, nikaona hili ndilo. Nyumbani nikagundua mimi silali nimekaa. Nalala ubavu, na bega langu la kushoto lilikuwa linakufa ganzi kila usiku. Nilivumilia miezi mitano kwa aibu ya kukiri mbele ya mume wangu kwamba nilikosea. Mwisho nikaongeza juu tabaka jembamba la lateksi laini, sentimita 5 tu, bega likatulia. Lile gumu chini linabeba, la juu linapokea.

Mleta uzi, ungeanza kwa kutuambia mnalalaje na mna kilo ngapi, kabla ya kutafuta mchawi.

#12 Kiunochangu
Mimi kilo 94, chali. Mke wangu hajanipa ruhusa ya kutaja zake, ila ni mwepesi kuliko mimi sana, na analala ubavu.

#13 Mama_Wawili
Basi godoro moja lenye ugumu mmoja halitawafaa nyote wawili. Endelea na uchunguzi wako lakini hilo ulijue mapema.

#14 Ukuta_wa_Pili
Mbona hamjauliza joto? La pili lilikuwa karibu na dirisha? Lateksi ikipata joto inalainika na kukumeza taratibu, ikipoa inakuwa ngumu. Nimelala kwenye moja hotelini, ukigeuka unaacha umbo lako kama nyayo kwenye matope.

#15 Ndoto_Ndefu
#14 hilo ulilolala si lateksi. Hiyo ni sponji ya kumbukumbu, ile inayobaki na umbo la kiganja. Asili yake ni utafiti wa NASA mwaka 1966 kwa ajili ya viti vya ndege. Hiyo ndiyo inayolainika kwa joto la mwili. Lateksi ukiibonyeza ukaachia inarudi papo hapo, na kwa joto la kawaida la chumbani hutaona tofauti ya maana.

#16 Ukuta_wa_Pili
Nakubali nilichanganya. Lakini dirisha silifuti! Jua ni adui wa mpira. Mto wangu wa lateksi niliuanika juani baada ya kuufua, mara mbili tu, ukaanza kuwa wa njano na kutoa unga pembeni. Kama godoro la maonyesho limekaa dirishani mwaka mzima halijawa bichi tena.

#17 MpiraAsilia
Hilo la jua ni kweli, mwanga wa jua na hewa vinauchosha mpira, unakuwa mkavu na kumeguka. Ila mto wako ulianikwa uchi. Godoro la dukani limevaa kava, mwanga haufiki. Na mpira uliochoka kwa jua mara nyingi hukakamaa, haulegei ukakumeza. Ingekuwa hivyo angelalamika kinyume.

#18 Fundi_Chaga
Mnazunguka kote huko hakuna aliyeuliza kitanda. Mimi ni fundi seremala, na kesi za "godoro limeharibika" nilizoletewa nyingi godoro halikuwa na kosa. Lateksi ni nzito na ni laini ya kukunjika, haina mifupa ndani kama ya springi. Inafuata kilicho chini yake. Chaga zikiachana zaidi ya sentimita 7 au 8, povu linashuka kwenye nafasi, na ukiwa na kilo 94 za mleta uzi chaga zenyewe zinapinda katikati kama hazina mguu wa kuzibeba.

Mleta uzi, ulichungulia chini ya vile vitanda viwili?

#19 Kiunochangu
Sikuchungulia. Nilichokumbuka ni kwamba cha kwanza kilikuwa sanduku zima la mbao, cha pili kina miguu mirefu na unaona nje upande wa pili.

#20 Fundi_Chaga
Kesi imekwisha. Nipeni kikombe changu.

#21 Ndoto_Ndefu
Haijaisha. Chaga zinaweza kuchangia, lakini mtu ambaye amelala dakika mbili hawezi kutofautisha chaga na povu.

#22 Sponji_Tosha
Mimi nawapa kipimo cha kisayansi kisicho na maneno mengi. Godoro lipimwe kwenye mizani. Lateksi ya kweli ni nzito. Urefu 200, upana 150, unene 20, zidisha. Inakuja 600,000. Gawa kwa uzito. Ukiona namba kubwa ni feki.

#23 Daktari_wa_Mchongo
600,000 ya nini mkuu? Usiku wa kulala?

#24 Ndoto_Ndefu
😂 #22 wazo ni zuri ila hesabu umeipindua. Geuza kwanza sentimita kuwa mita: 2 × 1.5 × 0.2 = mita za ujazo 0.6. Kisha *uzito* ugawe kwa 0.6. Povu la Dunlop mara nyingi huwa kilo 75 hadi 90 kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo godoro la vipimo hivyo likiwa na kilo 80 kwa mita ya ujazo, litakuwa na kilo 48. Sponji ya kilo 30 kwa mita ya ujazo itakupa kilo 18 tu. Talalay itakuwa katikati, karibu na Dunlop. Toa kwanza uzito wa kava, kava la pamba lenye sufu ndani nalo lina kilo zake.

#25 Sponji_Tosha
Nilikuwa nawapima kama mko macho.

#26 MpiraAsilia
Na mizani nayo inadanganywa. Wapo wanaochanganya chokaa au udongo mweupe kwenye utomvu ili ujazo na uzito viongezeke kwa gharama ndogo. Godoro linatoka zito la kutisha, mnasema hili ndilo lateksi, kumbe nusu ya uzito mnalalia udongo. Sawa, nusu nimetia chumvi, lakini mmenielewa. Povu lenye vijazio vingi huchoka mapema, likikunjwa linafanya nyufa ndogo ndogo.

Uzito unakuambia hili si sponji. Haukuambii hili ni lateksi nzuri.

#27 Kiberiti
Mkate kipande kidogo ukichome. Mpira wa asili unatoa moshi mweusi na harufu ya mpira, wa kutengenezwa unanuka dawa. Dakika moja umemaliza.

#28 Mama_Wawili
Kiberiti, achome godoro dukani? Huyu mtu anatafuta pa kulala, hatafuti mahabusu.

#29 MpiraAsilia
Na hata akiruhusiwa, mpira wa asili na wa kutengenezwa (ule wa stairini na butadayini) vyote vinatoa moshi mweusi na masizi. Pua yako haitatofautisha mchanganyiko wa 70 kwa 30, labda uwe mbwa.

#30 Msomaji_Kimya
Naomba kuuliza kabla sijarudi kimya. Mchanganyiko? Si wamesema asilia 100%?

#31 Ndoto_Ndefu
Swali zuri kuliko yote hapa. Hiyo "asilia 100%" ni maneno yenye mifuko mingi. Inaweza kuwa na maana kwamba mpira wote umetoka kwenye mti. Inaweza kuwa godoro zima ni lateksi, hakuna sponji ndani, lakini lateksi yenyewe ni mchanganyiko. Nimewahi kukuta pia nyuzi za nazi zilizonyunyiziwa utomvu zikishika, nalo limeandikwa lateksi asilia. Kweli nazi ni asilia, na utomvu upo. Ila ni gumu kama mlango.

Na hata ile safi kabisa haiwezi kuwa mpira mtupu, kwa sababu bila salfa na oksidi ya zinki haipikiki, itabaki gundi. Muulize asilimia ya utomvu wa mti katika povu, na kama ana cheti. Cheti cha GOLS kinataka malighafi ya kilimo hai isipungue asilimia 95. Cheti cha OEKO-TEX ni jambo tofauti, kinapima mabaki ya kemikali zenye madhara, hakikuambii mpira umetoka wapi. Watu wanavichanganya kila siku.

#32 Sponji_Tosha
Na hakuna cheti kati ya hivyo kinachosema kiuno chako kitashikwa. Tulikuwa tunazungumzia kiuno jamani.

#33 Ndoto_Ndefu
Kwa mara ya kwanza kwenye uzi huu nakubaliana na wewe. Nimeweka tarehe kwenye kalenda.

#34 Mnyooshaji
Nimesoma kuanzia juu. Kazi yangu ni tiba ya viungo, nakutana na migongo kila siku, naomba nizungumze upande wa anayelala, maana tumeongea sana upande wa godoro.

Kwanza, mleta uzi alijaribu la pili *baada* ya la kwanza. Mgongo uliotoka kulala vizuri unalegea, na mgongo uliolegea unazama zaidi. Angeanza na la pili huenda uzi huu ungekuwa na majina yamegeuzwa.

Pili, "kushikwa kiuno" si lazima iwe ugumu. Ukilala chali kwenye gumu kupita kiasi, makalio hayaingii, kiuno kinabaki hewani, unapitisha mkono wote chini yake. Kwenye laini kupita kiasi makalio yanazama, mkono haupiti kabisa. Panapofaa ni pale mkono unapita kwa kubanwa banwa. Anayelala ubavu, mwenzake asimame nyuma atazame mstari wa uti wa mgongo: uwe sambamba na godoro, usiwe na tumbo chini wala nundu juu.

Tatu, ile imani kwamba mgongo mbovu unataka godoro gumu. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Hispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu sugu ya kiuno. Wengine walipewa godoro gumu, wengine gumu la wastani. Baada ya siku 90 waliopewa la wastani walikuwa na nafuu zaidi. Simaanishi ni dawa, ila gumu kama meza halina heshima linayopewa.

Na tafadhali, dakika mbili si jaribio. Lala robo saa kwa mkao wako wa kweli, na mto unaofanana na wa nyumbani. Mto ukiwa mnene shingo inapinda, lawama inaangukia godoro.

#35 Fundi_Chaga
#34 umeongea vizuri, ila bado sijaona ulipozipinga chaga.

#36 Mnyooshaji
Sizipingi fundi. Chukua nusu kikombe.

#37 Daktari_wa_Mchongo
Robo saa kwenye godoro la duka? Mimi nikilala robo saa wataniamsha wakifunga. Nishawahi. Niliamshwa na mlinzi, muuzaji alikuwa kanifunika.

#38 Ndoto_Ndefu
Unatupiga kamba.

#39 Daktari_wa_Mchongo
Kufunikwa nimeongezea. Mlinzi ni kweli.

#40 Upele
Samahani kwa kukatiza. Mimi glavu za mpira zinanitoa vipele na nikipuliza puto midomo inavimba. Godoro la lateksi nitaweza au ndio nisahau?

#41 Mnyooshaji
#40 midomo kuvimba usiichukulie kama vipele vya kawaida, hiyo inaelekea kuwa mzio wa protini za utomvu, na mwingine hubana hadi pumzi. Kwenye godoro povu huoshwa na protini hupungua, pia kuna kava kati yako na mpira, kwa hiyo hatari ni ndogo kuliko glavu. Lakini ndogo si sifuri. Muone daktari wa mzio kabla hujanunua, usipime kwa kulala. Na usijifariji na neno "asilia", kwa mwenye mzio huo uasilia ndio tatizo lenyewe.

#42 Upele
Asante, nimekuelewa. Nabaki na springi yangu.

#43 Mama_Wawili
Mleta uzi yuko wapi? Katuwashia moto kaondoka.

#44 Kiunochangu
Nipo wakuu, nilikuwa *kazini*. Yaani dukani. Leo nimekwenda na mke wangu, futi kamba, na kitabu cha kusoma nikiwa nimelala. Ripoti hii hapa.

Moja. Nimechungulia chini. Fundi Chaga, kitanda cha pili chaga zake zimeachana sentimita 11. Nimepima mara mbili.

Mbili. Nikaomba magodoro yabadilishane vitanda. Vijana watatu wamehema. La pili likiwa juu ya sanduku limenibeba *vizuri zaidi* kuliko jana, lakini bado halifikii la kwanza. Na la kwanza likiwa juu ya chaga limelegea kidogo, si sana.

Tatu. Leo nimeanza na la pili, kama alivyosema Mnyooshaji. Robo saa nzima. Bado nazama, ila kwa jana ningesema nazama *sana*, leo nasema nazama tu.

Nne, hapa ndipo pagumu. Muuzaji alichoka na maswali akafungua zipu zote mbili. La kwanza ni bonge moja. La pili ni vipande viwili vimelaliana, kimoja kinabonyea kirahisi, cha chini kigumu. Mke wangu akasema vigeuzwe, kigumu kije juu. Nikalala. Ndugu zangu, kiuno kikashikwa kama la kwanza.

#45 Ndoto_Ndefu
Namba! Tabaka mbili zenye namba tofauti. Nilisema #8.

#46 Fundi_Chaga
Sentimita 11! Nani alisema kesi haijaisha?

#47 MpiraAsilia
Msikimbilie. Unasema la kwanza ni bonge moja. Je, lililalaje, upande wa kalibu wa juu au wa chini? Kama ni Dunlop na wameliweka limegeuzwa, ulikuwa unalalia upande mzito. Lirudishe sawasawa labda nalo litakumeza.

#48 Kiunochangu
Haikunijia kuligeuza. Na sirudi tena kuomba, wale vijana wameniangalia vibaya.

#49 Mnyooshaji
Na kugeuza kulifanyika mwisho, baada ya saa nzima ya kulala na kuamka. Wakati huo mwili wako ungelala hata juu ya kaunta.

#50 Sponji_Tosha
Kwa hiyo jibu ni nini? Chaga, namba, upande, au uchovu?

#51 Mama_Wawili
Mnasahau alichosema Kiunochangu #12. Mke analala ubavu na ni mwepesi. Kigumu kikija juu yeye atakuwa na bega langu la miezi mitano. Dada alisemaje alipolala?

#52 Kiunochangu
Alipolala kwenye lile la vipande, laini ikiwa juu, alinyamaza. Nikamuuliza vipi, hakujibu. Nikadhani anafikiri. Alikuwa amelala.

#53 Daktari_wa_Mchongo
Mnaona sasa. Na mimi mlisema kamba.

#54 Ndoto_Ndefu
Basi uliza kama vipande vinaweza kukatwa katikati kwa urefu. Yako kigumu juu, yake laini juu, kava moja, zipu moja. Wapo wanaouza hivyo. Mnaweza kuhisi mshono kidogo katikati.

#55 Kiunochangu
Mshono katikati sawa, angalau hatutakutana bondeni. Ila mke wangu amechungulia juu ya bega langu akasoma hili la kukata, ameuliza kwani bonde lilikuwa na ubaya gani.

#56 Msomaji_Kimya
Hapo sasa wataalamu wa povu tuondoke taratibu.

#57 Fundi_Chaga
Mimi naondoka, ila kabla hujanunua nitumie vipimo vya kitanda cha nyumbani. Na uhesabu nafasi kati ya chaga, usikadirie kwa macho.

#58 Kiunochangu
Nimeshuka sasa hivi kupima. Ni 9. Na moja imevunjika katikati, pale pale kwenye bonde.